Kugaiwa kuchekwa mara mbili: kisa cha kugawa nafasi katika michezo saba mifupi

Orodha ya waigizaji ilibandikwa siku ya Alhamisi, kwenye ubao wa matangazo nje ya chumba cha walimu. Ilipofika mapumziko pembe yake moja ilikuwa imeshachanika kwa vidole vya watoto waliokuwa wakitafuta majina yao. Jumamosi asubuhi, kabla ya zoezi la kwanza, nikamkuta binti mmoja wa kidato cha tatu ananisubiri mlangoni mwa ukumbi. Aliniamkia, nikamwitikia. Akatazama viatu vyake, kisha akasema taratibu: "Mwalimu, mie nimegaiwa kuchekwa mara mbili."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aingie, tutazungumza. Zoezi la siku ile halikwenda nilivyolipanga, na mchana wake nikaibandua ile orodha kwa mkono wangu mwenyewe. Naeleza hapa namna tulivyofika pale na namna tulivyopanga upya, kwani nawajua walimu wengi, Unguja na Pemba, wanaotayarisha michezo ya kuigiza na watoto wao, hasa inapokaribia Septemba na Tamasha la Elimu Bila Malipo, kumbukumbu ya ile tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilipotangazwa kuwa bure Zanzibar. Kazi ya kugawa nafasi huwa tunaimaliza kwa siku mbili, tukaingia mazoezini. Majina ya watoto nimeyaacha. Skuli ni ya sekondari, mjini Wete, Pemba, hayo yanatosha.

Tulichokuwa nacho mkononi

Michezo ilikuwa saba, kila mmoja wa dakika kumi hivi, mingi imeandikwa na wanafunzi wenyewe. Foleni ya kituo cha afya ambapo watu wawili wamepewa namba moja. Abiria wa bandari ya Mkoani wanaongoja meli iliyochelewa. Jikoni siku ya harusi, na sufuria ya pilau iliyoungua. Ndugu wanaogawana mikarafuu ya marehemu baba yao. Kijana anayemficha baba yake karatasi ya matokeo. Mwenye duka na daftari lake la madeni. Na wa mwisho, mume na mke wasiosemeshana, wanaomtuma mtoto wao apeleke maneno baina ya ukumbini na chumbani.

Ukijumlisha, nafasi zilikuwa 34. Waliojiandikisha walikuwa 23: wasichana 15, wavulana 8. Waongozaji tulikuwa wanne, mie na mwalimu mwenzangu wa kiume, na wanafunzi wawili wa kidato cha tano.

Onyesho la namna hii halina mchezo mkuu wala nyota. Linabebwa na kundi. Mtazamaji anawaona watoto walewale wakitoka na kurudi na sura nyingine, na sehemu kubwa ya raha yake imo humo: aliyekuwa mgonjwa anayelia foleni, dakika ishirini baadaye ndiye karani anayewafokea abiria. Nililijua hilo tangu mwanzo, na niliwaambia watoto hivyo siku ya kwanza. Kosa langu ni kwamba nilipokaa kugawa nafasi nililisahau.

Halafu kulikuwa na saa. Skuli yetu ina mikondo miwili, asubuhi na jioni, na wanafunzi 15 kati ya wale 23 walikuwa wa asubuhi, 8 wa jioni. Mmoja anapotoka, mwenziwe anaingia. Jumamosi na Jumapili skuli hakuna, lakini chuo, yaani madrasa ya Kurani, kipo, na mzazi wa Wete hakubali mtoto wake akose chuo kwa ajili ya mchezo, wala mie nisingemwomba hilo. Alhamisi na Ijumaa ndizo siku ambazo chuoni hapaendwi, ila mikondo ya skuli inabaki palepale. Tulipopiga hesabu, saa ambazo watoto wote 23 wangekuwa mahali pamoja zilikuwa tatu tu kwa wiki, Jumamosi asubuhi. Kwa wiki sita ni saa 18. Gawanya kwa michezo saba: kila mchezo unapata saa mbili na nusu.

Onyesho lenyewe lilikuwa lianze baada ya Alasiri, saa kumi na robo, na liishe kabla ya saa kumi na mbili ili kila mtoto awe kwao Maghribi isijaingia. Hilo halikuwa na mjadala.

Namna orodha ya kwanza ilivyozaliwa

Tuliwapima kwa kuwasomesha. Kila mwanafunzi alipewa ukurasa mmoja, akasimama mbele ya meza yetu, akasoma kwa sauti na mwenziwe. Siku mbili tukawa tumemaliza. Tuliandika alama: sauti, matamshi, kujiamini.

Ukimpima mtoto kwa kumsomesha karatasi asiyoijua, unapima usomaji wake. Anayesoma mbio na bila kukwama ataonekana mwigizaji, na anayehitaji kuyarudia maneno mara tatu yamkae mdomoni ataonekana gogo. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi. Ilinipasa nilijue hilo kabla ya mtu yeyote. Kilichotokea ni kwamba wale wanaofanya vizuri darasani walishika nafasi za juu katika orodha ya alama, na sisi tukaziamini alama kwa sababu zilikuwa tarakimu.

Kisha tukakaa waongozaji wanne na kuchagua mchezo mmoja baada ya mwingine, kama watoto wanaochaguana timu ya mpira ufukweni. Wa foleni akamtaka binti mmoja mwenye sauti nzito, nzuri. Wa harusi akamtaka huyohuyo. Wa mikarafuu naye. Mwisho wake binti yule alikuwa katika michezo mitano kati ya saba, na katika mitatu alikuwa mama wa mtu. Mvulana mmoja mrefu alipata nafasi nne, mbili kati ya hizo askari.

Michezo yetu ilikuwa na nafasi 19 za wanaume, 12 za wanawake, na tatu ambazo yeyote angeweza kuzishika. Wavulana wanane wakazigawana zile 19 hata wengine wakawa hawajui wanacheza nini wapi. Wasichana kumi na watano wakabakiwa na 15, na kwa kuwa mmoja alikwisha kuchukua tano, wasichana watano hawakupata kitu. Tuliandika majina yao chini kabisa: "majirani". Yaani wakae nyuma, wapige vigelegele ikihitajika.

Na yule binti aliyenisubiri mlangoni? Yeye ni wa Kojani. Wiki nzima hukaa Wete kwa shangazi yake, siku za mapumziko huvuka kurudi kisiwani kwao. Kiswahili chake ni cha kwao, kwa lafudhi na kwa msamiati, na wakati wa kupimwa alisoma polepole. Mwongozaji wa mchezo wa meli alimpa nafasi ya abiria mshamba asiyejua kukata tiketi. Mwongozaji wa mchezo wa duka alimpa nafasi ya mteja anayekosea kila kitu anachotumwa. Zote mbili ni nafasi za kuchekesha, na zote mbili zilichekesha kwa namna anavyosema.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake

Hapa ndipo pananikaa moyoni mpaka leo. Ukimuuliza mwongozaji wa mchezo wa meli kwa nini alimchagua, atakwambia kweli tupu: mchezo wake ulihitaji mchekeshaji, na binti alipofungua mdomo watu walicheka. Ukimuuliza wa duka, atakujibu hivyohivyo. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, unaweza kuutetea. Ubaya umezaliwa pale maamuzi mawili yalipokutana juu ya mtoto mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekaa mahali pa kuyaona yakikutana. Aliyeyaona ni yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyesoma orodha nzima akitafuta jina lake.

Ni vivyo hivyo kwa mama wa mara tatu, kwa askari wa mara mbili, kwa wale majirani watano. Nilikuwa nimegawa mchezo mmoja mmoja, ilhali ambacho mtazamaji angekiona, na ambacho mtoto angekibeba, ni jioni nzima.

Na suala la lahaja lina historia yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha hiyo katika Afrika Mashariki. Tangu hapo mtoto wa Kojani, wa Tumbatu au wa Makunduchi huingia darasani akasahihishwa lugha aliyofundishwa na mama yake. Mie sipingi usanifu, ndio ninaousomesha. Lakini sisi Wapemba tunajua sana kulalamika tunapochekwa tukivuka kwenda Unguja au Bara, kila kichekesho lazima kimtie Mpemba. Na hapa, katika ukumbi wetu wenyewe, tulikuwa tumejipatia wa kwetu wa kumcheka, naye ametoka mwendo mfupi tu kwa chombo.

Nilikwenda kwa shangazi yake siku ya pili yake. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikamwamkia, tukaulizana hali na za nyumbani mpaka chai ikaja. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mtoto, maana nimesikia anataka kujitoa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema: "Mwanangu, sie hatumkatazi mtoto kucheza mchezo wa skuli. Tunakataza kuchezewa."

Kadi juu ya mkeka

Usiku ule nilikata maboksi ya sabuni nikapata kadi 23, moja kwa kila mtoto. Juu ya kila kadi niliandika mkondo wake, siku zake za chuo, saa anayotakiwa nyumbani na namna anavyorudi. Kisha nikatandika mkeka sebuleni na kuugawa kwa mistari ya uzi: safu saba kwa michezo saba. Niliziweka kadi kama orodha ya kwanza ilivyosema. Wale wenye nafasi zaidi ya moja niliwakatia vipande vidogo vyenye rangi moja.

Sikuhitaji kusoma. Rangi ya yule binti mwenye sauti nzito ilikuwa imetapakaa mkeka mzima. Kadi tano za majirani zilikuwa pembeni, hazina safu. Na mchezo wa mume na mke, ambao hauna kitu ila maneno ya watu wawili, nilikuwa nimempa mume wa mkondo wa jioni na mke wa mkondo wa asubuhi. Wasingeonana ila Jumamosi.

Nilianza na saa, kabla ya vipaji. Mwalimu mwenzangu mmoja aliyesoma Chuo cha Sanaa Bagamoyo aliwahi kuniambia kwamba mwigizaji hodari asiyefika mazoezini ni nafasi tupu, na siku ile nililielewa neno lake. Michezo minne niliiweka kwa watoto wa asubuhi pekee, miwili kwa wa jioni pekee, na mmoja, ule wa harusi wenye watu wengi, nikauacha uwe wa mchanganyiko. Sasa michezo sita iliweza kufanyiwa mazoezi siku za kazi, kila mkondo kwa wakati wake, na Jumamosi tukabaki na mchezo wa harusi na maungio tu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba mikondo, iliyokuwa ikituumiza kichwa, ndiyo iliyotutatulia taabu ya nguo. Katika michezo mifupi inayofuatana, mtoto aliye katika wa tatu na wa nne hana muda wa kubadilisha. Lakini ukipishanisha mchezo wa asubuhi na wa jioni, kila aliyetoka anapata dakika kumi za kuvua kanzu na kuvaa koti la karani. Ilibaki sehemu moja tu, kuelekea mwisho, ambapo mvulana mmoja angetoka mchezo wa harusi na kuingia moja kwa moja mchezo wa mwisho. Pale tuliweka shairi. Binti mmoja aliyekuwa na nafasi moja tu, fupi, alikuwa na sauti nzuri ya kughani. Akasimama mbele ya pazia akaghani beti nne, na nyuma yake mwenziwe anafunga vifungo.

Kisha hesabu ya wanaume na wanawake. Nafasi 19 za wanaume zilikuwa za wanaume kwa mazoea tu. Daktari ni mwanamme kwa sababu aliyeandika alimfikiria hivyo. Mwenye duka vilevile, na karani wa tiketi, na jirani mzee anayeshuhudia mgao. Na hapa Kiswahili chenyewe kinamsaidia mwongozaji kuliko anavyofikiri: "a-" na "yeye" hazina jinsia. Nilichukua mchezo wa duka, kurasa nne, nikamgeuza mwenye duka kuwa mwanamke. Nilibadilisha maneno matatu, "bwana", "kaka" na "babu". Tuligeuza nafasi tisa kwa namna hiyo. Wanaume wakabaki 10, wanawake 21, na zile tatu za yeyote.

Kanuni tulizojiwekea zilikuwa mbili. Hakuna mtoto mwenye zaidi ya nafasi mbili. Na kila mtoto awe na mahali pamoja, popote katika jioni ile, ambapo yeye asipofanya jambo lake mchezo hauendelei. Hii ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo niliyoishika zaidi. Kuhesabu mistari hakutoshi. Mtoto mdogo anayebeba maneno baina ya mume na mke ana mistari michache kuliko wote wawili, lakini akikosea mlango mchezo umevunjika.

Kuwapima mara ya pili

Nilitaka kuwaona upya kabla ya kuweka kadi za mwisho, safari hii bila karatasi. Kila mmoja aliambiwa achague kazi moja anayoifanya nyumbani na aifanye mbele yetu bila ya kitu mkononi. Kisha mwenziwe angeingia na habari, na yeye aendelee na kazi au aiache, anavyoona mwenyewe.

Wengi walichambua karafuu, kama inavyotarajiwa Pemba. Unajua mara moja nani amekaa jamvini kweli na nani anabuni: aliyekaa jamvini, mkono mmoja unashika kikonyo na kiganja cha pili kinasokota, macho hayapo kwenye karafuu kabisa, yapo kwa anayezungumza naye. Anayebuni anatazama vidole vyake.

Binti wa Kojani alikaa chini akanyoosha miguu, akaanza kusuka ukili, ule utepe wa miyaa wa kushonea mikeka. Hakukuwa na ukili. Alilowesha kidole kwa ulimi, akachomeka mwaa mpya, akakaza, akageuza. Vidole vilikuwa vikienda kwa mwendo mmoja kama saa. Mwenziwe akaingia na habari aliyoibuni mwenyewe, kwamba chombo cha kaka yake hakijarudi. Vidole vilisimama. Lakini kidole gumba cha kushoto kilibaki kimebana pale alipofikia, kizuie ukili usifumuke, na alikaa hivyo, amebana, macho mbele, mpaka yule mwenziwe alipomaliza kusema na kutoka. Kisha akateremsha macho, akatazama mkono wake, akaachia.

Ukumbini hakuna aliyecheka. Mwalimu mwenzangu aliandika kitu katika daftari lake, akakikata, akaandika tena.

Zoezi la pili lilikuwa la kundi: watoto wanane wavuke jukwaa pamoja, wasimame pamoja, bila ya mtu kuhesabu wala kuongoza. Hili linatenga haraka anayesikiliza wenziwe na anayesikiliza nafsi yake. Hodari wetu wa kusoma walikuwa wakisimama mwanzo, au mwisho. Majirani watatu kati ya wale watano walisimama na kundi kila mara.

Ubishi

Mwalimu mwenzangu hakukubaliana nami, na sababu zake zilikuwa nzito. Alisema watazamaji wanastahili kilicho bora, kwamba yule binti mwenye sauti nzito alikuwa bora katika nafasi zote tano, na kwamba tukimpunguzia tunaudhoofisha mchezo kwa makusudi. "Bibi, jukwaa si sinia la halua," aliniambia. Sie watu wa Wete tunajua halua na tunajua sinia lake, kila mkono unapata.

Nilimjibu kwamba katika mchezo mmoja mrefu ningemfuata yeye. Ukiwa na mchezo wa saa mbili na mhusika mmoja anayeubeba, mtafute anayeweza kuubeba, na wengine wamzunguke. Lakini mtazamaji akimwona mtoto yuleyule akiwa mama katika mchezo wa kwanza, wa tatu na wa tano, ifikapo mara ya tatu hamwoni tena mama. Anamwona msichana yuleyule mwenye sauti nzuri. Ubora wake unajila wenyewe. Na watoto kumi na watano waliokaa nyuma wanangoja zamu isiyokuja huwa hawasikilizi, na onyesho la kundi lisilosikilizana hufa hata likiwa na hodari watano.

Alikubali nusu. Nami nikiri nusu yake: mchezo wa foleni ulipungua. Binti aliyechukua nafasi ya yule hodari hakufika alipofika mwenziwe, na wiki sita hazikutosha kumfikisha. Ningerudia, ningefanya hivyohivyo, lakini sitadanganya kwamba hakuna kilichopotea.

Baba wa yule hodari alikuja skuli. Alikuwa na haki ya kuuliza. "Mwalimu, mwanangu kakosa nini?" Nilimwambia hakukosa kitu, nikamweleza habari ya kadi na mkeka, nikamwonyesha kwamba nafasi mbili alizobaki nazo ni mke katika ule mchezo wa wasiosemeshana, na mwenye duka, ambazo hazifanani hata kidogo. Hakuondoka ameridhika. Binti mwenyewe alilia siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza kama mke yule angekuwa anashona wakati anagombana, kwa sababu mama yake hushona anapogombana. Nikajua tumevuka.

Mvulana wa askari mara mbili tulimpa baba wa yule kijana mwenye karatasi ya matokeo. Alikataa. Alitaka sare. Alijitoa, na nafasi yake tukampa mwingine aliyejiandikisha akiwa amechelewa. Huyo nilimpoteza, na nadhani nilimpoteza kwa sababu nilimbandikia orodha badala ya kumwita kwanza.

Kwa wazazi safari hii nilikwenda kabla ya orodha. Waliuliza mambo matatu, takriban wote: anarudi saa ngapi, anavaa nini, na anasimama na nani. Mitandio ilibaki kichwani katika kila mchezo, jambo ambalo halikutupa shida yoyote kwani wahusika wetu ni watu wa hapa na hivyo ndivyo wanavyovaa. Mume na mke tuliwaweka pande mbili za pazia, yeye ukumbini, mkewe chumbani, na mtoto anapita katikati. Tulifanya hivyo kwa kuheshimu wazazi, na mchezo ukawa mzuri zaidi. Sauti ya mke inatoka nyuma ya pazia, pazia linatikisika kidogo, na mtazamaji anaona hasira bila ya kuona uso.

Nafasi mbili za kuchekesha hazikufutwa. Watu wanataka kucheka na ni haki yao. Lakini tuliandika upya kicheko kitoke wapi. Abiria wa Mkoani sasa ni mwalimu wa mjini, msomi, aliyeficha kuku hai ndani ya mkoba wa vitabu na kuku hataki kunyamaza. Alipewa mvulana mwenye maneno fasaha kuliko wote.

Na binti wa Kojani tulimpa mikarafuu. Ndugu wanne wanagawana miti ya baba yao, wanaume wawili wanahesabu, jirani anashuhudia, na dada mkubwa amekaa chini anasuka. Kwa dakika sita hasemi kitu. Kisha anauliza fungu lake. Nilimwambia aseme kwa lugha ya kwao. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Zoezi la kwanza wenziwe walicheka, kwa mazoea, na alinyamaza katikati ya sentensi. Sikuwakemea. Nilimwomba aanze tena tangu kwenye ukili, dakika zote sita, tukakaa kimya tukamngoja. Aliposema mara ya pili walikuwa wanamsikiliza dada mkubwa.

Jioni yenyewe

Tulianza saa kumi na dakika ishirini na tano, kwa kuchelewa viti. Mchezo wa matokeo ulisahauliwa mistari miwili. Kuku wa kitambaa alianguka mapema. Mchezo wa foleni ulikuwa wa wastani, kama nilivyosema.

Katika mikarafuu, ndugu walipofika kuhesabu mti wa mwisho na kila mmoja akasema wake, dada mkubwa alisimamisha vidole, gumba likabaki limebana. Kabla hajafungua mdomo, mama mmoja katika safu za nyuma, aliyekuja na ndoo yake kutoka sokoni, akasema kwa sauti: "Na huyo je?" Watu wakageuka. Binti akangoja, kama tulivyofanya mazoezi ya kungoja, kisha akaendelea kwa maneno yake, ya Kojani, yote.

Shangazi yake alikuwepo. Baada ya onyesho alinishika mkono, akaniuliza mtoto atafika nyumbani saa ngapi, nami nikamwambia sasa hivi, nendeni pamoja.

Kadi zile ninazo bado, ndani ya kopo la biskuti. Mwaka huu waliojiandikisha ni 31, na kumi na mmoja kati yao ni wa mkondo wa jioni. Nimeanza na hao, nyumba kwa nyumba, kabla sijakata boksi hata moja.